Jinsi Mgomo Ulivyofungwa Tanganyika

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilikuwa na hoja hii: "Serikali ikiwa ni ya wananchi wenyewe, mfanyakazi hana haja ya kugoma." Niliwekwa kuwa mwamuzi, na kazi yangu ilikuwa kutazama saa na kugonga meza. Vijana walisema vizuri, lakini pande zote mbili walisema kana kwamba jambo lenyewe ni la kubuni tu, kwamba halijapata kutokea mahali popote. Mzee mmoja aliyesoma hapa zamani, ambaye alikuwa amekuja kututembelea siku ile, akaniuliza wakati wa chai, "Je, Mwalimu, vijana hawa hawajasikia habari za Tanganyika?" Nikaona haya kidogo, maana ni jirani zetu wa karibu, na jambo lile lile walilokuwa wakibishania ndani ya ukumbi lilijadiliwa kule Bunge zima likisikiliza, na watu wakapoteza vyeo na uhuru wao kwa ajili yake. Basi makala hii ni ya kulipa deni lile.

Kwanza tukumbuke chama cha wafanyakazi ni kitu gani. Mpagazi mmoja wa bandarini akimwambia msimamizi kuwa mshahara hautoshi, ataambiwa aende zake, maana wako wengine kumi mlangoni wanaotaka kazi ile. Lakini wapagazi elfu mbili wakisema neno hilo kwa sauti moja, meli haipakuliwi, na kila siku inayopita mwenye meli anapata hasara. Nguvu ya chama ni hiyo tu: mikono iliyokunjwa kwa pamoja. Ukiiondoa, chama kinabaki kuwa watu wanaokutana na kuandika barua.

Makuli wa Dar es Salaam waliijua nguvu hiyo mapema. Mwezi wa Septemba 1947 waligoma, na mgomo ukapanda garimoshi, ukaifuata reli mpaka miji ya bara. Walipata nyongeza nzuri ya mshahara. Mwaka 1950 wakagoma tena, lakini safari hii kulitokea ghasia na kumwagika damu, na chama chao kikavunjwa. Hapo wafanyakazi wakajifunza jambo ambalo tutalikuta tena mbele: chama kilichoandikishwa na Serikali kinaweza kufutwa na Serikali.

Mwaka 1955 vyama vidogo vidogo vilikusanyika vikafanya shirikisho moja, lililojulikana kwa herufi zake, TFL. Bwana Tom Mboya wa Kenya aliwatembelea na kuwapa mashauri, kwa kuwa Kenya ilikuwa imewatangulia katika mambo hayo. Katibu mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa Serikali, Bwana Rashidi Kawawa, ambaye watu wengi walikuwa wamekwisha kuiona sura yake katika sinema za Kiswahili kabla hawajamwona jukwaani. Wakati huo TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Vyombo hivi viwili havikuungana kisheria, lakini watu wake walikuwa wale wale. Mchana mtu alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, jioni alikuwa mwanachama wa TANU akidai uhuru. Serikali ya kikoloni ilijua, lakini haikuwa na la kufanya, kwa sababu mtu akidai shilingi moja zaidi hawezi kushtakiwa kwa kutaka kumwondoa Gavana.

Mgomo mkubwa ulikuja mwaka 1960. Reli na posta zilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na wakubwa wake walikaa Nairobi. Wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, wakiongozwa na Bwana Christopher Kasanga Tumbo, waliacha kazi kwa muda wa karibu miezi mitatu. Katika mwaka huo mmoja Tanganyika ilipoteza zaidi ya siku za kazi milioni moja kwa migomo. Wanafunzi wenzetu wa hesabu watafahamu maana yake wakikumbuka kwamba watu waliokuwa na kazi ya mshahara katika nchi nzima walikuwa kama laki nne tu.

Hesabu hiyo ya laki nne nawaomba muikumbuke, kwa kuwa ndiyo kiini cha ugomvi wote uliofuata. Wananchi walikuwa zaidi ya milioni tisa. Waliobaki wote walikuwa wakulima na wafugaji, ambao hawakuwa na bwana wa kumgomea. Mkulima wa pamba wa Usukuma akivuna vibaya, hana mtu wa kumkunjia mikono.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi wa Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na aliyeshika nafasi yake ni huyo huyo Bwana Kawawa, katibu mkuu wa wafanyakazi wa jana. Waziri aliyepewa mambo ya kazi akawa Bwana Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL. Mtu angedhani kwamba sasa wafanyakazi wameula. Kiti cha Waziri Mkuu na kiti cha Waziri wa Kazi vimekaliwa na watu wao.

Lakini tangu mwanzo viongozi wa vyama waligawanyika. Bwana Kamaliza na wenzake walisema kwamba maadui walioungana kupigwa wamekwisha kuondoka, kwa hiyo shirikisho na Serikali vifanye kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto. Bwana Tumbo, Bwana Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba ya katani, na wengine, walisema la. Walisema Serikali nayo ni mwajiri, tena ni mwajiri mkubwa kuliko wote, na mwajiri hawezi kuwa pia msemaji wa aliowaajiri. Wakati huo huo migomo haikupungua. Watu walikuwa wameahidiwa kwamba uhuru utaleta mabadiliko, nao wakayataka mwisho wa mwezi, katika bahasha ya mshahara.

Katika mwezi wa Juni 1962 Serikali ikapeleka Bungeni sheria tatu kwa pamoja. Ya kwanza iligusa uandikishaji wa vyama. Waziri alipewa uwezo wa kulichagua shirikisho moja, na kila chama kilipaswa kujiunga nalo, kisichojiunga kingefutwa. Shirikisho nalo likapewa sauti juu ya fedha za vyama na juu ya kugoma kwao. Ya pili ilihusu watumishi wa Serikali: wale wa vyeo vya kati na vya juu walikatazwa kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Ya tatu ndiyo iliyougusa mgomo wenyewe, na afadhali tuieleze polepole, kwa sababu vijana wetu katika mjadala walisema mara nyingi kwamba "Tanganyika ilikataza kugoma." Haikukataza. Ilifanya jambo la werevu zaidi.

Tuseme wewe ni mkata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe. Kazi yako ya siku ni kukata idadi fulani ya matita, na meneja ameongeza idadi bila kuongeza fedha. Zamani mngekutana jioni, na kesho yake hakuna ambaye angeshika panga. Kwa sheria mpya, kwanza ilibidi chama chenu kizungumze na mwenye shamba. Mkishindwa kupatana, mpeleke habari kwa Kamishna wa Kazi, naye amtafute mtu wa kuwasuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, jambo linakwenda kwa Waziri, naye anaweza kulipeleka mbele ya baraza la kuamua. Na baraza likiisha kuamua, uamuzi unawafunga nyote wawili, wewe na meneja; kugoma baada ya hapo ni kosa. Kwa hiyo mlango wa mgomo ulikuwapo, lakini ulikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, na mwenye funguo alikuwa Waziri. Ikiwa Waziri angelipeleka kila jambo barazani, hakuna ambaye angeufikia mlango ule.

Tena kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kufanya kazi ya mikono huenda asilione. Mgomo una wakati wake. Mkonge ukiwa umekomaa na meli inangoja Tanga, mwenye shamba anasikiliza. Baada ya wiki kadhaa za kupanda ngazi za usuluhishi, meli imekwisha kuondoka, na wafanyakazi nao wamepoa. Sheria inayouchelewesha mgomo imeondoa nusu ya nguvu yake, hata kama mwisho inauruhusu.

Je, Serikali haikuwa na hoja? Ilikuwa nayo, na ya maana. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake juu ya ujamaa cha mwaka 1962, aliandika kwamba chama cha wafanyakazi chenye nguvu kinaweza nacho kudai fungu kubwa kuliko jamii inavyoweza kutoa, na kikifanya hivyo kinakuwa mnyonyaji kama wanyonyaji wengine. Turudi kwenye ile hesabu ya laki nne. Fedha za kumwongezea karani wa Dar es Salaam zilitoka wapi, kama si katika kahawa, pamba na katani? Nchi ilikuwa na madaktari wachache, shule chache, na barabara zilizokatika kila masika. Shilingi iliyoingia katika mshahara wa mtu wa mjini haikuweza kujenga zahanati kijijini.

Wala haikuwa Serikali ya kunyang'anya tu. Mwaka huo huo iliweka sheria ya kiinua mgongo kwa mfanyakazi anayeachishwa, na tangu Januari 1963 kukawa na kima cha chini cha mshahara: shilingi 150 kwa mwezi katika Dar es Salaam, na pungufu ya hapo mahali pengine. Kwa wengi hiyo ilikuwa nyongeza kubwa kuliko walivyopata kupata kwa mgomo wowote. Lakini hapa pana fundisho gumu la uchumi. Wenye mashamba ya katani walipolazimishwa kulipa zaidi walianza kupunguza watu, na wale waliobaki wakapangiwa kazi nyingi zaidi. Aliyepata nyongeza alifurahi. Jirani yake akafunga mizigo akarudi kwao. Nani atamlaumu Waziri kwa kuogopa nyongeza ya ghafla, na nani atamlaumu mkata mkonge kwa kukasirika?

Wapinzani walijibu, na hoja yao nayo haikuwa nyepesi. Waliuliza: ikiwa wafanyakazi wanaambiwa wajifunge mkanda kwa ajili ya taifa, ni nani atakayepima kama wakubwa nao wamejifunga? Mawaziri walikuwa na magari na nyumba. Zaidi ya hayo, wakasema, hawa wanaotuletea sheria leo ni wale waliotufundisha kugoma jana.

Sheria zikapita. Bwana Tumbo alikuwa amepelekwa London kuwa Balozi wa Tanganyika, cheo kikubwa na mahali pa mbali. Mwaka huo huo akajiuzulu, akarudi nyumbani kuanzisha chama cha upinzani. Hakikupata nguvu, na yeye akakimbilia Kenya. Katika Septemba 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani. Bwana Mkello, ambaye sasa alikuwa rais wa TFL, alipata taabu yake Januari 1963. Migomo isiyo halali ilikuwa imetokea katika mashamba ya katani, na yeye pamoja na mwenzake mmoja wakapelekwa kukaa Sumbawanga, mbali kabisa na mashamba yale. Anayetaka kujua umbali huo afungue ramani, apime toka Tanga mpaka pembe ya kusini-magharibi karibu na Ziwa Rukwa.

Hata hivyo, shirikisho lilikuwa bado hai, na viongozi wake bado walichaguliwa na wanachama. Waliendelea kuteta na Serikali, hasa juu ya kuwapa Waafrika kazi zilizoshikwa na wageni. Januari 1964 Mwalimu Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais, alitangaza kwamba tangu hapo katika kuajiri watumishi wa Serikali raia wote watatazamwa sawa, bila kujali rangi. Viongozi wa vyama walikasirika. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa jeshi la Tanganyika wakaasi katika kambi ya Colito, wakidai mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Serikali ilitetereka. Tarehe 25 askari wa Kiingereza, walioitwa na Serikali yenyewe, walitua na kuwanyang'anya waasi silaha. Ikadaiwa kwamba baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wameanza kuongea na waasi. Watu wapatao mia mbili wakakamatwa, wengi wao viongozi wa vyama. Bwana Tumbo naye akarudishwa kutoka Kenya na kutiwa kizuizini.

Katika Februari 1964 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha chama kimoja cha wafanyakazi wote, NUTA. TFL ikafa, na vyama vyote vilivyokuwa chini yake vikafa pamoja nayo. Katika sheria hiyo kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Katibu mkuu wa NUTA na msaidizi wake hawakuchaguliwa na wafanyakazi. Waliteuliwa na Rais wa nchi, naye katibu mkuu akawateua wakubwa walio chini yake. Na aliyeteuliwa kwanza alikuwa Bwana Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi.

Hapa nitasema mawazo yangu, na asiyekubali aniandikie katika toleo lijalo. Sheria ya 1962 ya kusuluhisha magomvi naweza kuitetea. Nchi changa yenye watu laki nne wa mshahara ina haki ya kusema, "Zungumzeni kwanza." Mchezo wa mpira una refa, wala hatusemi refa ameua mchezo. Lakini katika 1964 refa alikuwa pia kapteni wa timu moja, na tena ndiye aliyemchagua kapteni wa timu ya pili. Mkata mkonge wetu wa Korogwe akiwa na neno juu ya sheria ya kazi, angekwenda kwa katibu mkuu wa chama chake. Katibu mkuu angelipeleka kwa Waziri. Naye Waziri ni yeye mwenyewe. Ada ya chama ilikatwa katika mshahara, kwa hiyo hata kukataa kulipa, silaha ya mwisho ya mwanachama asiyeridhika, hakukuwa rahisi.

Lazima niongeze kwamba mfanyakazi hakuachwa mikono mitupu. Mwaka huo huo wa 1964 ilitoka sheria ya kumlinda asifukuzwe ovyo, na kamati za wafanyakazi zikawekwa mahali pa kazi. Mfuko wa akiba ya uzeeni nao ulianzishwa. Yako mambo ambayo makuli wa 1947 hawakuthubutu kuyaota. Na migomo ilipungua mno. Kufika mwaka 1965 ilikuwa ya kuhesabika. Wengine husema hiyo ni dalili kwamba watu waliridhika. Mimi nawajibu kwamba hata darasa ambalo mwalimu amekamata fimbo mlangoni huwa kimya.

Maana ukimya ule haukudumu. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ulikataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau walio chini yao. Wafanyakazi viwandani wakausoma vizuri, pengine vizuri kuliko walioutunga. Kati ya 1971 na 1973 migomo ikazuka tena katika viwanda vingi, bila baraka ya NUTA. Mara nyingine watu hawakudai fedha hata kidogo. Walidai kwamba meneja fulani aliyewatukana aondoke, na wakamfungia nje ya lango.

Bwana Kamaliza mwenyewe, mtu aliyezipeleka sheria zile Bungeni, alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa kwa uhaini mwaka 1970 na kuhukumiwa kifungo. Kesi ile haikuhusu vyama vya wafanyakazi, wala sitaki kuichanganya na habari hii. Naitaja kwa kuwa wengi huuliza alipoishia.

Wasomaji wa Uganda na Kenya wasidhani kwamba Tanganyika ilikuwa peke yake katika njia hiyo. Ghana ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya 1958. Kenya, baada ya ugomvi wa vyama viwili vikubwa, iliviunganisha vyote kuwa COTU mwaka 1965 kwa amri ya Serikali. Hapa kwetu NOTU ilianzishwa mwaka 1973, wakati wa utawala wa kijeshi.

Huko Tanzania NUTA iligeuka kuwa JUWATA, jumuiya ya chama tawala, baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977. Mlango ulianza kufunguliwa polepole miaka ya 1990, na sheria ya 1998 ikaruhusu vyama kuandikishwa kila kimoja kwa jina lake na kuchagua viongozi wake. Shirikisho la sasa, TUCTA, ni la mwaka 2001. Ikafuata sheria ya kazi ya 2004, nayo inafaa kulinganishwa na ile ya 1962. Bado inasema "zungumzeni kwanza": jambo hupelekwa kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30. Akishindwa, wanachama wanapiga kura, na wengi wakikubali, mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Baada ya hapo mkata mkonge anaweza kuliweka panga chini bila kuvunja sheria. Wenye kazi za hospitali, maji, umeme na nyingine za namna hiyo ndio hawaruhusiwi.

Mwaka 2010 TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima uanze tarehe 5 Mei, ikitaka kima cha chini cha shilingi 315,000 kwa mwezi. Siku mbili kabla yake Rais Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam, akawaambia kwamba Serikali haina fedha hizo, na kwamba hata wakigoma hatazipata mahali. Mgomo ukaahirishwa. Vijana wa upande wa pili katika mjadala wetu watasema kwamba hakuna kilichobadilika tangu 1962. Lakini safari hii waliouahirisha walikuwa viongozi waliochaguliwa na wafanyakazi, nao walirudi kwa wanachama wao kujibu maswali.